Darasa la Japani halinyamazishwi na haya

Msafiri yeyote aliyepanda Probox kutoka Mombasa kwenda Malindi anaijua ile sauti. Dereva akishawasha gari, mwanamke asiyeonekana husema neno kwa Kijapani, kwa upole, kisha hunyamaza. Hakuna anayemjibu. Nimekua nikimsikia, na sikuwahi kujiuliza anasema nini mpaka nilipohamia mkoa wa Yamagata, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Honshu, mwaka 2018, kufundisha Kiingereza. Miezi michache ya kujifunza lugha ilinitosha kumwelewa. "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen": kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Gari linavuka bahari, linauzwa, linapakwa rangi upya, na yeye anaendelea kutoa taarifa ileile katika nchi ambayo kadi hiyo haina kazi.

Namtaja kwa sababu muhula wangu wa kwanza nilifanya kazi inayofanana na yake. Nilisimama kando ya ubao nikingoja mwalimu wa Kijapani anipe ishara. Akiinua kiganja, nilisoma aya ya kitabu, na wanafunzi 34 wakaifuatisha kwa pamoja. Akishusha kiganja, nilinyamaza. Kisha yeye aligeukia ubao akaeleza sarufi kwa Kijapani hadi karibu kipindi kiishe. Nikimuuliza mtoto swali lisilo kitabuni, aliinamisha kichwa, akamtazama jirani yake, na kimya kikatanda mpaka mwalimu alipomwokoa.

Kila mtu ana maelezo ya kimya hicho, na maelezo ni yaleyale. Wajapani wana haya. Wanaogopa kukosea mbele za watu. Ndivyo walivyolelewa. Nimeyasikia kwa walimu wa Kijapani wenyewe, kwa vijana wa Marekani na Jamaika waliokuwa wakifundisha mkoa huohuo, na kwa jamaa zangu niliporudi nyumbani Kilifi. Nimekaa Japani miaka minne, na naamini maelezo hayo si ya kweli. Tena yana madhara, kwa sababu yanawabebesha watoto lawama ya mambo ambayo watu wazima wameyaandika kwenye karatasi: karatasi ya mtihani na karatasi ya mkataba.

Mwenye shaka na akae na watoto hao wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa na shule tatu, moja ya sekondari ya chini na mbili za msingi, na katika zile za msingi nilikula darasani pamoja na wanafunzi. Chakula cha shule, kyūshoku, huletwa mlangoni kwa toroli. Watoto wa zamu huvaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, wakajipanga nyuma ya meza: mmoja anapakua wali, mwingine supu ya miso, mwingine anahesabu vipande vya samaki kwa mdomo ili asije akakosa mtu. Hakuna anayegusa vijiti mpaka kila sinia limefika na darasa zima limesema "itadakimasu" kwa sauti moja. Baada ya hapo ni kelele tupu. Kama kuna mwenzao aliyekosa kuja, kikombe chake cha pudini hubaki, na wanaokitaka husimama mbele, ngumi juu, wakakigombea kwa janken, ule mchezo wa jiwe, mkasi na karatasi. Siku moja wavulana kumi na mmoja wa darasa la tano walikigombea kikombe kimoja kwa makelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Hao hao waliniuliza kama Kenya kuna theluji, kama nimewahi kumgusa simba, na mshahara wangu ni kiasi gani. Waliuliza kwa Kijapani wakichomekea kila neno la Kiingereza walilolijua, wakikosea hapa na pale bila wasiwasi.

Miaka miwili baadaye nikawapokea sekondari. Mwaka wa kwanza bado walikuwa wakinipungia mkono kwenye ujia. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, walikuwa wamenyamaza. Utaniambia huo ni ujana, na kweli ujana una sehemu yake. Lakini mbona walikuwa wakipiga kelele za kutia moyo kwenye mazoezi ya besiboli alasiri hiyohiyo, uwanja mzima ukisikia?

Kilichokuwa kikiwangoja ni mtihani wa kuingia sekondari ya juu, mwishoni mwa mwaka wa tatu. Elimu ya lazima huishia hapo, ila karibu kila mtoto huendelea, na shule atakayoingia huamua mengi ya maisha yake. Kiingereza cha mtihani huo ni kusoma, kuandika na kusikiliza. Kuzungumza hakumo katika mikoa mingi. Tokyo ilianza jaribio lake la kuzungumza, ESAT-J, Novemba 2022, na hata huko alama zake ni 20 kati ya 1,020. Basi mtoto wa miaka kumi na minne anapiga hesabu mwenyewe. Dakika anayoitumia kujikongoja anijibu haimpi alama hata moja. Ile anayoitumia kunakili kanuni ya sarufi humpa. Anachagua sawasawa. Laiti ningekuwa dada yake ningemshauri hivyohivyo.

Ngazi ya juu hali ni hiyo. Mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu uliongezewa kusikiliza mwaka 2006. Serikali ikapanga kuingiza na kuzungumza kwa kutumia mitihani ya mashirika ya nje, lakini mpango huo ukasitishwa Novemba 2019, ikiwa imebaki miezi mitano tu uanze, na mwaka 2021 ukaachwa kabisa. Waliopinga walisema mtoto wa mashambani na mtoto wa maskini wataumia, na mimi niliwaunga mkono. Wanafunzi wangu waliishi kwenye bonde lenye treni chache kwa siku. Mzazi angelipa ada ya mtihani, nauli, pengine na hoteli, huku mtoto wa Tokyo akienda kwa basi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Nia ilikuwa njema na njia ilikuwa mbaya, lakini baada ya njia kukataliwa, nia nayo ikaachwa njiani.

Ushahidi ulionishawishi zaidi niliupata kwa bahati. Februari 2019 mwalimu mkuu aliniomba nichukue kipindi kimoja cha mwaka wa pili niwaeleze wanafunzi kuhusu nchi yangu. Nikaamua kuwafundisha Kiswahili. Darasa lilikuwa lilelile la watoto 34. Niliandika irabu zetu tano ubaoni, kando yake nikaziandika kwa katakana, herufi za Kijapani, nikawaambia: hizi ni zenu. Nikawaonyesha kwamba silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kama zao. "Habari yako?" walilitamka vizuri mara ya kwanza, kuliko ninavyosikia watalii wakilitamka Watamu baada ya wiki mbili. Dakika ya kumi walikuwa wamesimama, wakitembea meza kwa meza, "Jina lako nani?", "Jina lako nani?"

Ubaoni nilikuwa nimeandika maneno manane tu, pamoja na "mama", "nyumba", "wapi" na "nani", na nilikuwa nimebandika picha ya soko la kwetu. Msichana mmoja wa safu ya dirishani, ambaye tangu Aprili hakuwahi kunijibu hata neno kwa Kiingereza, alikuja mbele, akaitazama ile picha kwa muda, akaniuliza: "Mama wapi?" Hakuna aliyemfundisha sentensi hiyo. Aliiunda mwenyewe. Nikamwonyesha kibanda cha mama yangu cha nazi na ndimu, pembeni kabisa ya picha.

Neno lililowatoa jasho ni "ng'ombe". Mzee aliyetunza majengo ya shule alikuwa ameingia kuongeza mafuta ya taa kwenye jiko la kupasha joto, akasimama mlangoni na dumu lake, akasema "ng'ombe" kama mtu wa Kaloleni. Wazee wa kaskazini mashariki hutamka g ya katikati ya neno kwa puani. "Kagi", yaani ufunguo, kwao ni "kang'i". Watoto walimpigia makofi, naye akaona haya kweli, akatoka haraka.

Haya ya wanafunzi ilikwenda wapi saa ile? Kiswahili hakina mtihani kwao. Na kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulitambua. Mwalimu wao wa Kiingereza alikaa kwenye dawati la nyuma akajifunza nao, akakosea, akasahihishwa na mwanafunzi, akacheka. Katika kipindi chake mwenyewe hawezi kukosea, kwa sababu muda ni mdogo na kitabu lazima kiishe. Huyu bwana sitamlaumu. Utafiti wa mwaka 2018 wa OECD, shirika la uchumi la nchi tajiri, ulionyesha kuwa walimu wa sekondari ya chini Japani hufanya kazi saa 56 kwa wiki, ilhali wastani wa nchi zilizoshiriki ulikuwa saa 38. Kwa sheria ya mwaka 1971, mwalimu wa shule ya umma hakulipwa saa za ziada. Aliongezewa asilimia 4 ya mshahara, basi. Bunge liliirekebisha sheria hiyo mwaka 2025 ili nyongeza ipande polepole hadi asilimia 10. Nilipomwomba tupange kipindi pamoja, tulipanga tukiwa tumesimama kwenye mashine ya kutoa nakala, dakika tatu, kabla hajakimbilia timu ya mpira wa wavu.

Sasa nije kwenye kimya changu mimi.

Mpango unaojulikana zaidi wa kuwapeleka vijana wa kigeni kwenye shule za Japani, JET, ulianza 1987 na vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Ilikuwa miaka ya mvutano mkali wa kibiashara kati ya Japani na Marekani, na lengo lililotangazwa lilikuwa kuifungua nchi kwa dunia, mashambani hadi mjini. Kijana alitakiwa awepo, aonekane, azoeane na watu. Kufundisha kulikuja kando ya kuwepo, na cheo chenyewe kinasema hivyo: mwalimu msaidizi wa lugha, ALT. Hata kuitwa kwetu kulikuwa tofauti. Wenzangu wote kwenye chumba cha walimu waliitwa kwa jina la ukoo pamoja na "sensei", yaani mwalimu; mimi niliitwa kwa jina langu la kwanza, na ndilo lililoandikwa kwa katakana kwenye kisanduku changu cha viatu mlangoni. Watoto walilipenda, nami nikalizoea. Ila nilielewa pia kwamba ni jina la mgeni.

JET ina masharti ya heshima: wakati huo yeni 3,360,000 kwa mwaka wa kwanza, mkataba unaoweza kufika miaka mitano. Mimi sikupita mlango huo. Nilipita kwa wakala, kama maelfu ya wengine. Mji hutangaza zabuni ya kila mwaka, kampuni hushindana kwa bei, na bei ikishuka ni mshahara wa mwalimu unaoshuka. Nililipwa yeni 215,000 kwa mwezi, Agosti nusu yake kwa kuwa shule zimefungwa. Saa za mkataba zilikuwa 29 na nusu kwa wiki, chini kidogo ya kiwango ambacho kingemlazimu mwajiri kunilipia bima na pensheni, kwa hiyo nilijilipia mwenyewe kwenye ofisi ya mji. Walimu wetu wa mafunzo wa sekondari msingi walioandamana Kenya mwaka 2024 wangeusoma mkataba ule na kuutambua mara moja. Ni kibarua chenye digrii.

Kuna kifungu kimoja katika karatasi hiyo kilichoniumiza kuliko pesa. Mkataba ulikuwa wa aina wanayoiita gyōmu itaku: mji haumkodi mtu, unanunua huduma. Na sheria ya kazi inasema anayenunua huduma hana ruhusa ya kumpa maagizo mfanyakazi wa muuzaji. Sheria hiyo ina maana yake, imewekwa kuwazuia matajiri kuajiri watu kwa mlango wa nyuma bila wajibu. Lakini ipeleke darasani uone. Mwalimu niliyesimama naye bega kwa bega hakuruhusiwa kuniambia "soma polepole" au "leo tuanze na mazungumzo". Alipaswa kuipigia kampuni, kampuni iniandikie mimi. Kwa hiyo alikuwa akiniandikia kwenye vikaratasi vya manjano, herufi ndogondogo, anakibandika ukingoni mwa meza yangu bila kunitazama. Kipindi kikiisha alipita akakibandua, akakikunja, akakitia mfukoni. Watu wazima wawili, wanaopendana kama wenzi wa kazi, mbele ya watoto 34 tunaowahimiza wazungumze.

Watoto huona. Hatuwezi kuwaambia lugha ni ya kuongea wakati walimu wao wanapitishiana karatasi.

Nikiwa shule ya upili, kidato cha pili, mwalimu wangu wa hesabu alikuwa Mjapani wa kujitolea, mmoja wa vijana ambao serikali yao imekuwa ikiwatuma nje tangu 1965. Alipewa chaki, rejista na darasa zima. Alisahihisha mitihani yetu. Kiswahili chake kilikuwa kibovu mwanzoni, nasi tulimsahihisha bila huruma, na ndivyo tulivyojifunza kwamba mtu anaweza kukosea kwa sauti na bado akabaki mwalimu. Sisemi shule yangu ilikuwa bora kuliko shule za Yamagata. Hatukuwa na vitabu vya kutosha wala chakula cha mchana. Nasema tulimpa kazi. Nimemkumbuka sana nikiwa nimesimama kando ya ule ubao.

Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa ombi la Waziri Mkuu Abe. Wakala alitulipa asilimia 60, kiwango cha chini cha sheria. Mwezi uliofuata mtaala mpya ukaanza, na Kiingereza kikawa somo kamili kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, mikononi mwa walimu wa msingi ambao wengi wao hawakuwahi kufunzwa kukifundisha. Hapo ndipo walitutafuta kuliko wakati wowote, na ndipo mkataba ulipobaki vilevile. Shule zilipofunguliwa, chakula kililiwa watoto wote wakitazama mbele, bila kusema. Walikiita mokushoku, kula kimya. Nilikaa kwenye dawati langu nikamaliza maziwa nikisikia vijiti tu. Katika miaka minne, hicho ndicho kimya pekee kilichotangazwa wazi kuwa ni amri, na watoto walikilalamikia kila siku.

Dawa zipo, na nyingine ni za zamani. Tangu 1988 sheria ya Japani inaruhusu leseni maalumu ya ualimu kwa mtu mwenye ujuzi asiyepitia chuo cha ualimu cha nchi hiyo, na mwenye leseni hiyo husimamia darasa na kutoa alama. Mji unaweza pia kumwajiri mwalimu moja kwa moja badala ya kumnunua kwa zabuni. Ningependa kuona leseni hiyo ikitolewa kwa kila msaidizi aliyemaliza miaka mitatu na anayekijua Kijapani. Gharama itapanda, ndiyo. Lakini kwa sasa mji unalipa mtu asimame kimya.

Mji wangu ulipotangaza zabuni ya mwaka 2022, kampuni yangu ilishindwa kwa bei. Mkataba wangu uliisha siku mbili kabla ya hafla ya kuwaaga walimu wanaohama, kwa hiyo jina langu halikusomwa. Mwalimu wa vikaratasi alinisindikiza mpaka kwenye gari, theluji ikiwa bado imerundikana kando ya maegesho, akazungumza nami nusu saa nzima.

Vijana wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam huniandikia wakitaka kwenda. Siwakatazi. Watanzania nawatahadharisha mapema: kibali cha kufundisha lugha shuleni kinadai mtu awe amesoma kwa lugha hiyo miaka 12. Aliyepitia shule ya msingi ya serikali, miaka saba ya Kiswahili, akahesabu sekondari na chuo, hufika tisa au kumi. Mimi mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuanzia darasa la nne, nilifika 13. Kwa wengine wote naomba jambo moja kabla hawajaniuliza habari za baridi na chakula: wanitumie mkataba. Naangalia saa za wiki, naangalia Agosti, kisha natafuta kifungu kinachosema nani ameruhusiwa kusema nao ndani ya darasa.